Picha Ambayo Haikusafishwa

Mtaa mzima ulimwita Bwana Usicheke, kwa sababu ndiyo amri aliyompa kila aliyekaa mbele yake kupigwa picha ya pasipoti. "Usicheke. Inua kidevu. Haya." Chumba chake kimoja kiligawanywa kwa pazia: mbele kaunta na mashine ya kuchapishia, nyuma taa mbili na kitambaa cheupe. Kazi aliijua, na hakungoja mtu amsifu. Alijisifu mwenyewe, asubuhi mapema, kabla wateja hawajafika.

Alichojivunia zaidi ni kusafisha. Ukimpelekea uso wenye makovu na macho ya mtu aliyekosa usingizi, akiupitisha kwenye kompyuta yake utaondoka na uso wa kuposea. Dirishani alitundika picha yake mwenyewe, kubwa, paji la uso laini kama sahani iliyooshwa, ili watu waone ufundi. Mkewe, aliyemletea chakula kila mchana, hakuipenda hata siku moja.

"Huyo wa dirishani akija kubisha hodi nyumbani, simfungulii," alisema.

Uso wa kweli ulikuwa na vipele. Vilikuwa vidogo, vya manjano kwa mbali, kila kimoja na kishimo katikati, vimetapakaa kwenye paji na mashavu tangu alipoanza kuingia utu uzima. Havikuuma wala kuwasha, naye hakuviogopa, mpaka kimoja kando ya pua kilipoanza kutoa damu kila akinawa. Hapo akakumbuka habari za watu waliopuuza kidonda usoni, kikaja kuwa saratani. Aliogopa, ingawa njiani kwenda kliniki alitembea kifua mbele kama anayekwenda kudai haki yake.

Daktari wa ngozi, mama mmoja mpole asiye na haraka, alimwangalia kwa kioo chenye taa.

"Hivi vingi ni tezi za mafuta tu, baba. Kila mtu anazo chini ya ngozi, zako zimekua zikapitiliza. Havina madhara. Hiki cha puani ndicho sikiamini, maana kuna saratani inayofanana nacho. Kimekua tangu ulipokiona?"

"Sijui, daktari."

"Una picha zako za zamani?"

Bwana Usicheke alicheka. Yeye, kuulizwa kama ana picha! Kila alipojaribu taa alijipiga mwenyewe, miaka yote hiyo.

"Nitakuletea gunia," akasema.

Alirudi dukani, akafungua kompyuta. Akatazama ya mwaka jana, ya mwaka juzi, akarudi nyuma mpaka enzi za nywele nyingi. Uso laini, uso laini, uso laini. Zote alikuwa amezisafisha, na zile halisi za kabla ya kusafishwa akazifuta. Hakuna kipele hata kimoja cha kumwonyesha daktari. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amechimba kwa bidii. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono magotini, na hofu ikamshika sawasawa.

Mkewe alipofika na chakula akamkuta hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu yake, akapekua, akampa. Pale alikuwa yeye, miaka kadhaa nyuma, akirekebisha bomba la jikoni, maji yamemrukia, mdomo wazi. Kando ya pua, kipele kile kile.

"Mbona hukuniambia unazo?"

"Ungezisafisha, baba watoto."

Wakaenda wote wawili kliniki. Daktari aliikuza picha, akalinganisha. "Ukubwa ni uleule. Haya, niambie kweli, umekuwa ukikibinya?"

"Kwa kibano. Kidogo."

"Kila asubuhi," mkewe akasema.

Picha ilileta matumaini, lakini daktari hakuridhika na matumaini. Alimpiga ganzi, akakinyoa kipele chote, akakipeleka maabara. Siku za kungoja, Bwana Usicheke aliwaambia wateja wawili wacheke. Majibu yalipotoka yalikuwa mafupi: tezi ya mafuta, basi.

"Sasa hivi vingine nitolee vyote," akasema, sauti imerudi.

"Naweza kuvichoma kwa umeme, au kuvigandisha kwa baridi kali, au leza. Lakini ngozi nyeusi kama yetu hushika madoa, na doa laweza kukukera kuliko kipele. Kuna krimu ya usiku, inapunguza polepole. Kuna vidonge, vina masharti mengi, na ukiviacha vipele vinarudi. Na kuna kuviacha."

"Kuviacha nako ni tiba?"

"Wengi ndiyo wanayochagua."

Alifikiri kama fundi, na fundi hachapishi picha mia kabla ya kujaribu moja. "Nichomee hiki kinachosuguliwa na miwani. Tuone doa lake. Vingine vikae."

Juma lililofuata aliitoa picha ya dirishani, akatundika ile ya bomba, kubwa, mdomo wazi, vipele vyote mahali pake. Mteja wa kwanza akauliza kama duka limepata fundi mwingine.

Mchana mkewe alikuja na chakula, akasimama nje ya dirisha muda mrefu, hotpoti mkononi.

"Huyu nitamfungulia," akasema, akaingia.