Majibu Yaliyopokewa na Mama

Milembe huuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni Bariadi, na kama umewahi kununua kwake, habari za wanawe wawili unazo hata kama hukuuliza. Paschal, fundi pikipiki, mgonjwa wa kisukari tangu ana miaka kumi na mitano. Scola, mdogo wake, anayeolewa Malampaka. Domo la mama huyu halina kufuli, majirani humtania hivyo naye hucheka. Kwa hiyo wiki ile alipokaa kimya nyuma ya biashara yake, wateja walimwuliza kama anaumwa.

Haumwi. Ana jambo asiloweza kulisema.

Lilianza kwa furaha. Daktari wa kliniki alishuku kwamba kisukari cha Paschal si kile cha kawaida, bali ni cha kurithi, na damu ilipopelekwa mbali kupimwa vinasaba ikaonekana kweli. Sindano zikaachwa, akapewa vidonge, nyumba nzima ikashangilia. Kisha nesi Gloria akaeleza upande wa pili. Bila shaka ugonjwa huo ulitoka kwa baba yao, marehemu Luhaga, aliyekufa na kiu isiyoisha, na Scola naye alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuubeba.

Scola akakubali kutoa damu, ila akaweka sharti mbele ya mama yake.

"Majibu nitayafuata mwenyewe nikiwa tayari. Labda baada ya harusi, labda nikishapata mtoto. Mtu yeyote asiniambie kabla."

Gloria akasema hiyo ni haki yake. Simu ya Scola ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, basi kwenye fomu ikaandikwa namba ya mama.

Simu ililia sokoni saa nne asubuhi. Sauti ya kiume, ngeni, kutoka maabara.

"Naongea na Scola Luhaga?"

Sasa Milembe amewapokelea wanawe simu miaka yote, za shule, za wateja wa Paschal, za kila mtu, na haoni tofauti kati ya jina lake na yao. "Ndiye mimi," akajibu. Akaulizwa tarehe ya kuzaliwa. Mama gani hajui siku aliyopata uchungu? Akaitaja palepale. Akaambiwa amerithi. Bado hajaugua, lakini afike apimwe sukari, na siku akibeba mimba awahi kliniki.

Tangu hapo hakuwa na raha. Scola akinywa kikombe cha maji, mama anamtazama. Akinywa cha pili, mama anahesabu. Akaenda kwa Gloria kukiri, na Gloria akashika kichwa.

"Mama, majibu hayo si yako. Yule kijana alikosea kuyatoa kwa simu, na wewe ulikosea kuyapokea."

"Na akiugua nikimwangalia?"

"Msihi aje. Kilichomo usikiseme. Hakutaka kujua, na ana akili zake timamu."

Akamsihi. Scola akamwambia, "Nikishaolewa, mama," akaendelea kufua.

Siku ya Alhamisi akaja Wilhelmina, shangazi yake bwana harusi. Kwao ng'ombe wa mahari hawaswagwi mpaka mwanamke wa upande wa kiume afike nyumbani kwa binti, ale, aangalie, na aulize yanayoulizwa. Milembe alijua atakuja na alijua atauliza nini. Usiku mzima alikuwa ametafuta jibu. Akisema hapana, atakuwa amewadanganya watu waliokuja kwa nia njema. Akisema ndiyo, atamfichulia mwanawe mbele ya mgeni kile alichoomba asiambiwe. Mwisho akachagua "sijui". Neno fupi, halimwumizi mtu. Alilirudia mpaka likazoeleka mdomoni.

"Mwangaluka, mayu," mgeni akamwamkia mama mwenzake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu," mgeni akajibu kuwa ni salama tu.

Wakala ugali na kuku. Wilhelmina alisifu mboga, akasifu nyumba, akasifu heshima ya binti aliyepiga goti kumnawisha mikono. Alikuwa mama mcheshi, mwenye macho ya upole, na hilo lilimtesa Milembe kuliko kama angekuwa mkali.

"Mayu," mgeni akasema akijifuta, "tunauliza wazi tusije tukalaumiana baadaye. Kijana wako tumesikia ana sukari. Na marehemu vilevile. Huyu binti naye anao huo ugonjwa?"

Scola bado alikuwa amepiga goti, jagi mkononi, anangoja mdomo wa mama yake ufanye kazi yake ya siku zote. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Milembe akafungua mdomo. "Sijui" ilikuwa pale pale, lakini alimwona mwanawe anavyomwamini, na neno likagoma. Akafunga mdomo. Akaufungua tena. Kuku walikuwa wanaparua uani.

Scola akaweka jagi chini taratibu.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "walikupigia?"

Milembe akajifunika uso kwa kanga, akaanza kulia. Binti akajifuta mikono iliyolowa maji. Kisha akamgeukia mgeni.

"Ninao, shangazi," akasema. "Ndiyo nimejua sasa hivi."