Nguzo za Kilwa na Macho ya Baba

Sauti ya baba akifundisha ilipenya ukuta wetu kabla sijajua kusoma. Nyumba ya mwalimu tuliyopewa pale Makere iligusana na darasa la mwisho la shule, na mama akichambua maharage barazani aliweza kusema ni kipindi cha ngapi bila kuuliza saa. Hesabu zilipita kwa sauti ya chini, ya kawaida. Ilipofika Historia, hasa somo la miji ya kale ya pwani, sauti ilipanda na mbwa wa jirani akanyamaza. Nililijua somo la Kilwa kwa moyo nikiwa bado naota meno: mji uliojengwa kisiwani kwa matumbawe na chokaa, dhahabu iliyotoka Sofala, sarafu zilizofuliwa hapohapo, jumba la mfalme lililosimama juu ya bahari. "Na nguzo za msikiti wake," baba alikuwa akisema, "ni ndefu kama mikaratusi ile." Hapo ungesikia madawati yakilia kwa pamoja, darasa zima linageuka dirishani kuitazama mikaratusi ya shule. Jikoni nami niligeuka.

Baba hakuwa ameiona Kilwa. Hakuwa ameiona hata bahari. Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa letu pale Kigoma, aliloliona alipokwenda kuchukua barua yake ya kuajiriwa. Alizaliwa palepale Makere, akachunga ng'ombe wa babu hadi alipovuka umri wa kuanza shule, na kutoka machungani alibaki na jambo moja ambalo walimu wenzake waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walilistaajabia: alimtambua kila ndege kwa sauti. Angesimamisha mazungumzo, akainua kidole, akataja jina kwa Kiha, kisha akaendelea pale alipokuwa ameishia. Mimi sikujali ndege. Kwangu walikuwa kitu cha kufukuzwa kwenye mtama.

Macho yake yalianza kuharibika mwaka 2012. Mwanzo tuliona mistari yake ubaoni ikipandana, neno juu ya neno, na wanafunzi wakiogopa kumwambia. Kisha akaanza kujikwaa kwenye vitu alivyovijua, ndoo, mbuzi, kizingiti cha mlango wetu wenyewe. Mwenyewe alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye kikonyo cha jani la mpapai, na jicho la kushoto halikuwa na hata hicho kikonyo, lilibaki na kivuli tu. Hospitali ya wilaya wakamwandikia barua ya kwenda Dar es Salaam. Mama alikuwa na mtoto mchanga na shamba la maharage lisiloweza kusubiri, kwa hiyo likizo ya Desemba 2013, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikapewa mfuko wa mihogo ya kuchemsha na karanga, nikaambiwa nimshike baba mkono kila tunaposhuka.

Nakumbuka njia ile kwa vumbi lake. Basi lilipita Kibondo tukiwa tumeshakuwa wekundu hadi kwenye kope, Kakonko tukafunga madirisha tukashindwa na joto, tukafungua tena. Baba alikaa dirishani akiuliza tuko wapi, nami nilijibu kwa kusoma vibao. Dar es Salaam tulifikia kwa binamu yake, na siku ya tatu daktari, kijana mwenye upole, akamweleza kwa maneno machache. Ilikuwa presha ya macho na tumechelewa kuja. "Kilichopotea hakirudi, Mwalimu. Tutalinda kilichobaki, mradi usiache dawa." Baba akashukuru. Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi la wagonjwa kwa muda mrefu, chupa ya dawa mkononi, mimi nikihesabu watu waliovaa miwani myeusi. Kisha akaniomba nimtafutie namba ya mama kwenye simu.

"Tutachelewa siku nne," akamwambia. "Tunapitia Kilwa."

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia kila neno la mama. "Unakwenda kuona nini, Baba Editha, na daktari amesema huoni?"

"Nakwenda na anayeona."

"Mtembezi hula miguu yake."

"Na mtembea bure si sawa na mkaa bure."

Mtoto alilia huko kwa mama, akambembeleza, akarudi. "Basi Editha asiogelee," akasema, simu ikakatika.

Ndivyo nilivyofika Kilwa Masoko, nikiwa nimevimba miguu na sina hamu ya jumba la mfalme yeyote. Asubuhi tuliandikishwa majina, tukavushwa kwenda kisiwani kwa boti ya injini, safari fupi kiasi kwamba sikuwahi kuogopa vizuri. Upande wa pili tulipokewa na mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi. Somoe, mzaliwa wa kisiwani, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye magofu. Alipoona baba ananishika bega wakati wa kushuka, alitazama macho yake mara moja, akaelewa, hakuuliza. Alitwambia tu kwamba tungeanza na mbali, Husuni Kubwa, lile jumba la mfalme, kabla jua halijawa kali, na kwamba njia ina mizizi.

Jua lilikuwa kali tayari. Tulitembea polepole kati ya minazi na mashamba ya mihogo, mkono wa baba begani kwangu ukizidi kuwa mzito, na wasichana wawili wa rika langu wakatufuata kwa mbali wakinong'ona. Nilipowaamkia, Kiswahili changu chenye mwendo wa Kiha kikawachekesha. Kufikia Husuni nilikuwa nimekasirika na dunia nzima. Bi. Somoe akaeleza: hapa ukumbi, hapa vyumba vya bidhaa, hapa birika la kuogelea la mfalme lenye pande nane, na kule chini ya mwamba ndiyo bahari. Baba alimsikiliza kwa adabu, kisha akaniinamia. "Haya, Editha. Niambie."

Nilitazama. Wale wasichana walikuwa wamekaa juu ya ukuta wakitusikiliza.

"Mawe tu, baba," nikasema. "Yamevunjika."

"Mawe ya namna gani?"

"Ya kawaida."

Hakuuliza tena. Aliupapasa ukuta uliokuwa karibu, akautumia kujishusha, akakaa akielekea upande ambao haukuwa na bahari. Nilijua anaelekea siko, na sikumgeuza. Bi. Somoe alinitazama. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nimelisikia neno hilo likisemwa kwa baba mara nyingi tangu wakati ule, na kila mara na watu wenye macho mazima. Asubuhi ile aliyekufa moyo nilikuwa mimi, na nililijua hilo nikiwa nimesimama palepale.

Saa za kusubiri boti ndizo zilizoniokoa. Bi. Somoe alitukalisha kivulini karibu na mikoko akaenda kututafutia maji ya kunywa. Nikageuka kutazama bahari, nikashtuka, kwa sababu haikuwapo. Pale tulipopita kwa boti asubuhi kulikuwa na tope linalong'aa, vidimbwi, na harufu ya chumvi na majani yaliyooza. Ziwa letu haliondoki. "Baba, maji yamekwenda," nikasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu Husuni. "Yamekupwa," akasema. "Nimelifundisha hilo neno, sikujua linanuka hivi." Wakati huohuo ukatoka mluzi upande wa tope, mwepesi, wa haraka, kama mara sita au saba kwa mkupuo mmoja. Baba akainua kidole. Akasubiri. Ukaja tena, na kidole kikabaki juu, kwa sababu hakuwa na jina la kutaja. Sikuwahi kumwona katika hali hiyo.

"Simjui huyu," akasema. "Ni mkubwa kama nini?"

"Kama kuku mdogo."

"Rangi?"

"Kahawia." Nikatazama vizuri. "Si kahawia tupu. Ana madoadoa, kama mtu amempulizia unga. Na kichwani ana mistari."

"Miguu?"

"Mirefu. Anatembea, anasimama, anachoma tope. Sasa amevuta kaa. Anamtikisa kaa hadi mguu unakatika." Nilikuwa nimesimama bila kujijua. "Mdomo ni mrefu, baba, umepinda kwenda chini. Kama sululu."

Bi. Somoe alikuwa amerudi na maji, akanisikia mwisho. "Jina umelijuaje?" akauliza. "Hao ndio sululu. Huja miezi hii, kisha huondoka."

Baba akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam, hadi akafuta macho yake mabovu kwa kiganja. Tulikaa hadi maji yaliporudi. Nilimpa yangeyange waliosimama kwenye mikoko kama nguo zilizoanikwa, nikampa kulastara mmoja wa kijivu ambaye hakusogea kabisa, nikampa ndege wadogo waliokimbilia wimbi likirudi na kulikimbia likija. Kila nilipodhani nimemaliza aliuliza jambo moja zaidi, nami nilipotazama tena nililikuta lipo. Jioni kwenye nyumba ya wageni alisema, kana kwamba anazungumzia nauli, "Kesho tutarudi. Msikiti hatujauona."

Msikiti mkuu wa Kilwa hauko mbali na ufuko. Bi. Somoe alivua ndala mlangoni. "Hamswaliwi tena humu," akasema, "lakini mimi huvua." Baba, Mkristo wa Makere, akavua viatu na soksi, akaingia kwa nyayo tupu, mwavuli wake wa kutembelea mkononi, akipima sakafu kwa vidole. Safari hii sikungoja kuulizwa. Nilimwambia kwamba upande wa kaskazini paa lilianguka na mwanga unaingia wote, na upande huu dari ni la makuba, moja karibu na jingine, kama vibuyu vilivyofunikwa. Nilimwambia kuta zina vinyweleo, kwamba ukikaribia unaona lile tumbawe lilivyokuwa hai, matundu madogo kama ya sega. Aliweka kiganja, akakubali. Juu yetu ndege akaita, sauti nyembamba iliyokatikakatika, na kidole kikapanda mara moja. "Inyamanza," baba akasema, na kweli alikuwa yeye, yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia kwenye mabati ya shule yetu, sasa akitembea juu ya kuba la msikiti kama mwenye nyumba. Baba alimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," na Bi. Somoe akauliza kama ni dua.

Kisha baba akauliza nililokuwa nikiliogopa tangu tulipoingia. "Na nguzo?"

Nguzo zilikuwa mbele yangu, imara, nzuri, zenye pande nyingi. Hazikuwa mikaratusi. Nilifikiria kusema ndiyo, ni ndefu, huoni mwisho wake. Ningesema hivyo angeamini, na angeondoka Kilwa akiwa na furaha. Lakini jana yake nilikuwa nimemdanganya kwa uvivu, na kumdanganya tena kwa huruma niliona ni mambo ya ukoo mmoja.

"Si ndefu, baba," nikasema. "Ukiinua mwavuli wako utagusa pale upinde unapoanzia."

Akauinua. Ncha ikagonga jiwe, tak. Akagonga tena. Akatembea hadi nguzo ya pili, nikimwongoza, akagonga hiyo nayo. Bi. Somoe alisimama na ndala zake mkononi.

"Miaka kumi na minane," baba akasema taratibu. "Nimewafundisha watoto wa watu uongo kwa miaka kumi na minane."

"Mwalimu," Bi. Somoe akasema, "wengi wanaokuja hapa na macho yao hawagusi nguzo hata moja."

Baba aliikumbatia ile ya pili, mikono ikakutana upande wa nyuma, akaipima hivyo kwa kifua chake. Akaniuliza ni ngapi, nikazihesabu kwa sauti, safu kwa safu, naye akizirudia ili azishike.

Januari shule zilipofunguliwa nilikuwa darasani kwake. Somo la Kilwa lilikuwa bado halijafika, lakini siku ya kwanza kabisa alisimama mbele, akaomba radhi kwa habari ya nguzo, akaniita nieleze. Nikaeleza. Waliokwisha kupita darasa lile aliwaambia mmoja mmoja alipokutana nao, sokoni, njiani, kanisani, hata mwendesha bodaboda mmoja mwenye watoto wawili. Aliendelea kufundisha kwa kumbukumbu, mwanafunzi mmoja akiandika ubaoni kwa niaba yake, hadi mwaka 2015 alipostaafishwa kwa ugonjwa, mwaka uleule ambao barabara yetu ilijaa tena wakimbizi kutoka Burundi na magodoro vichwani.

Sasa haoni kabisa. Anaishi na mama kwenye shamba la babu, mimi nafanya kazi ofisi ya ardhi Kakonko. Barabara ina lami. Safari iliyotupaka vumbi jekundu asubuhi nzima sasa naimaliza kabla betri ya simu haijapungua, na kwenye simu hiyo picha za Kilwa ziko nyingi kuliko niliyoyaona kwa macho, za angani hata, zenye rangi kuliko kisiwa chenyewe. Mtoto wa leo hana haja ya kudanganywa kuhusu nguzo. Nafurahi kwa hilo, na sitamani vumbi lirudi. Lakini kwa muda mrefu nilikuwa napanda basi Kakonko na kushuka Makere nisijue nilipita wapi. Baba angeniuliza kama watu wa Kibondo wameshapanda, nami ningesema nadhani wamepanda. Hakunilaumu. Alikuwa akisema "haya," akanyamaza, na ukimya ule niliutambua tangu Husuni.

Pasaka iliyopita niliiweka simu kwenye begi, nikatazama dirishani njia nzima. Nilifika, tukakaa kula, akauliza habari za njiani. Nilianzia Kakonko. Nilipofika Kibondo ugali ulikuwa umeshapoa, na mama, ambaye hapendi chakula kipoe, aliuacha tu.