Amplifaya Isiyo na Nafasi ya Jini

Kuna jambo niliwahi kuliamini kwa moyo wangu wote, na usinicheke kabla sijamaliza: kwamba jini hawezi kuingia kwenye spika iliyo ndogo kuliko sahani. Nafasi haimtoshi. Garissa nzima walikuwa wakisema hivyo, au tuseme watu watatu pale sokoni, lakini walisema kwa sauti ya Garissa nzima. Spika kubwa, zile za harusi, jini anaingia na kujinyoosha humo ndani kama mgeni wa hoteli. Ndogo, anachungulia, anaona magoti yatagonga kidevu, anaenda zake. Nami niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikapasi fizikia huku mbu wakininyonya lita mbili kila kipindi, nililimeza hilo bila maji.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Hayakumpata binamu wa rafiki. Na yalinipata mchana, saa saba na nusu, jua likiwa limesimama juu ya mji kama lina kesi nasi. Nayasimulia kwa hasira, maana hasira yenyewe haijaniisha.

Mimi ni mtu wa Mwingi. Nilikuja Garissa kutunza ghala la mabomba ya maji, nikapanga chumba katika ploti ya Mama Hodan, mama wa Kisomali asiyepaza sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Chumba hicho nilikitafuta miezi minane. Kila mwenye nyumba akisikia kuna bachela mwenye gitaa la umeme, anakumbuka ghafla kwamba chumba kimechukuliwa. Mama Hodan alinikubali. Kwa hiyo elewa: chumba kile kilikuwa kila kitu changu mjini.

Tatizo ni kwamba ukuta wangu ulikuwa pia ukuta wa mama yake, bibi mgonjwa tuliyemwita sote Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Na amplifaya niliyotoka nayo Mwingi ilikuwa kubwa kama kabati. Nikigusa uzi mmoja tu, ngamia wa Bura waligeuza shingo. Siku moja Mama Hodan akasimama mlangoni pangu.

"Wewe mwanangu. Hooyo, mama yangu, usiku halali, maumivu. Analala baada ya adhuhuri, basi. Nikisikia hiyo kitu tena, toa godoro. Mimi sirudii maneno."

"Nimesikia, Mama."

Na nilisikia kweli! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Niliuza kabati langu wiki hiyohiyo, nikaenda sokoni kwa Warsame, muuza redio na simu, nikamwambia nataka amplifaya ya nyumbani, ya sauti ya chini, ya mtu anayeishi na mgonjwa.

Akanitolea tatu. Ya kwanza, wati thelathini.

"Nikiiweka sauti kwenye namba moja?"

"Ukiweka moja, jirani anasikia. Ukiweka mbili, Dadaab wanasikia bila redio."

Ya pili ilikuwa ya zile za taa za kioo ndani. Ilikuwa na utamu, sikatai, lakini utamu wake hautoki mpaka uipandishe. Ukiishusha inalia kama mtu mwenye mafua. Ya tatu ilikuwa wati tatu, ukubwa wa mkate, na tundu la hedifoni ubavuni. Na hapa nikufundishe kitu cha kweli kabla mambo hayajaharibika: amplifaya ya nyumbani usiijaribu dukani kwa sauti kubwa. Wengi hudanganywa hapo. Ijaribu kwa sauti ileile utakayopigia nyumbani, uone kama bado inasema. Hii ndogo, kwenye moja, ilisema.

"Chukua hiyo, walaal, ndugu yangu," Warsame akasema. "Fizuri sana. Hata jini akitaka kuingia, mguu ataweka wabi?"

"Kwani wanaingia?"

"Kwa kubwa, ndio. Hii? Wallahi, hata jini mtoto atalalamika."

Wapagazi wawili waliokuwa wakitafuna miraa kivulini wakatikisa vichwa. "Haingii hiyo. Haingii kabisa." Nani angebishana na mashahidi watatu?

Kesho yake mchana nilirudi kula, nikafunga dirisha, nikaweka komeo mlangoni, nikatundika blanketi ukutani. Chumba kikawa tanuri na mimi ndiye mkate. Nikavaa hedifoni, nikaanza kupiga polepole. Niambie wewe, nilikosea wapi? Ni mpangaji gani Kenya hii amewahi kujibana hivyo?

Mara feni ikasimama. Stima imepotea, jambo la kawaida. Lakini gitaa masikioni mwangu likaendelea kulia. Nikajiambia, labda ina betri. Haikuwa na betri. Nilijua haina betri. Nilikuwa nimeifungua na kuikagua kama daktari.

Ndipo nikasikia, humohumo ndani ya hedifoni, sauti ya mwanamume, taratibu kabisa:

"Hodi."

Nikajibu, "Karibu." Nilijibu bila kufikiri, kama unavyopiga chafya.

Nikageuka. Mtu ameketi juu ya jerikani langu la maji. Komeo liko palepale. Kanzu yake nyeupe haina chembe ya vumbi, Garissa, miezi mitano bila mvua! Uso hauna tone la jasho, wakati mimi nilikuwa nimejaza viatu. Na inzi wote waliokuwa kwenye kikombe changu cha chai walikuwa wamehamia ukuta wa mbali, wametulia, hakuna hata mmoja anayesugua mikono. Nilikwambia ni mchana? Nilimwona kama ninavyoona kidole changu.

"Unampigia nani?" akauliza.

"Najipigia mwenyewe."

"Mimi sisikii. Ongeza."

"Siwezi, ndugu yangu. Kuna mgonjwa hapo ukutani."

"Ongeza."

"Nitafukuzwa!"

"Ongeza."

Na kile kidude cha sauti kikaanza kuzunguka chenyewe. Nikakishika. Kikazunguka na vidole vyangu, kikavichubua ngozi. Yeye akanyoosha mkono na kuchomoa waya wa hedifoni.

Niamini, katika spika ile ndogo kuliko sahani ilitoka sauti ambayo harusi kumi hazijaifikia. Mabati yalirukaruka. Sufuria zilitembea. Mbuzi wa Sangailu, huko mbali kote, nadhani walilala chini. Na unajua alichokuwa anapiga? Makosa yangu. Gitaa liko mikononi mwangu, sijagusa uzi, na kutoka kwenye spika linatoka kila kosa nililowahi kulifanya katika chumba kile, moja baada ya jingine, kwa utaratibu.

Hofu ikaniacha, hasira ikaingia. Nikavua kiatu nikamtupia. Kilimpitia kifuani kikagonga ukuta.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka, mshenzi wewe! Huna kwenu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyekaribishwa chakula kisha akanyang'anywa sahani. Ng'ambo ya ukuta Ayeeyo akaanza kulia, kilio chembamba cha mtoto. Mlango ukagongwa. Kelele ikakatika, na juu ya jerikani hapakuwa na mtu.

Nilimfungulia Mama Hodan nikiwa na kiatu kimoja. Akatazama feni iliyosimama. Akatazama taa nyekundu ya amplifaya, ambayo bado ilikuwa inawaka, ikififia kidogokidogo mpaka ikazima.

"Godoro," akasema.

Jioni hiyo nilikuwa sokoni, nimebeba amplifaya kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Warsame! Umeniuzia jini!"

"Kwa hii? Haiwezekani." Akachukua kisahani cha chai, akakiweka juu ya spika, kikaifunika yote. "Ona mwenyewe. Jini yako umetoa kwingine."

"Labda ni ya Mwingi!" mpagazi mmoja akadakia. "Imekuja na basi, imechoka, inatafuta kwa kulala!"

Walicheka mpaka miraa ikawatoka. Nikaiacha amplifaya hapo mezani nikaondoka, maana ningebaki ningemuumiza mtu.

Sasa naishi karibu na kinu cha kusagia mahindi, mahali ambapo hata mwisho wa dunia hautasikika. Vidole viwili vya mkono wa kulia vina kovu la kuzunguka, kama parafujo, na kwenye joto kovu hilo peke yake ni baridi. Gitaa napiga kavu, bila waya. Nikikosea, nanyamaza na kusikiliza kwanza kama kuna atakayerudia. Nawe unayejifungia na hedifoni ili usimsumbue mtu, vizuri, una adabu. Lakini acha sikio moja nje. Ujue anayebisha anabisha upande gani.

Wiki mbili baada ya kufukuzwa nilirudi kwenye ile ploti kuchukua jiko nililosahau. Lakini hasa nilitaka kujua hali ya Ayeeyo. Mama Hodan alikuwa langoni. Akaniambia amepata usingizi juzi tu. Nikaona aibu, nikamweleza yote: spika, sahani, nafasi, kanzu, inzi.

"Alitoa salamu?" akauliza. "Alisema Asalaam aleykum?"

"Hapana. Alisema hodi tu."

"Na wewe uliuliza ni nani?"

"Nilisema karibu."

Akanipa jiko langu mkononi.

"Jini haingii kwa sbika," akasema. "Si kubwa, si ndogo. Anaingia kwa mlango, mtu akimwambia karibu."