Oili ya Kijani

"Hapana, baba mdogo, siyo kweli kwamba mafuta yote ni mafuta tu. Ingekuwa hivyo mama angekaanga dagaa kwa dizeli."

"Umewahi kuionja hiyo dizeli?" akaniuliza.

"Sijaionja."

"Basi tulia. Giaboksi zote nilizoziona mimi zinakunywa oili nyekundu. Hii ya kwako imezaliwa Ulaya?"

Fundi akacheka, ila alicheka akiangalia chini, kwa sababu mkono wake ndio ulioimimina. Nilikuwa nimetoka gerejini mara moja tu kwenda nyumbani kumchukulia chakula, maana yule fundi asipokula anaondoka, na akishaondoka mtaa wote wa Lipangalala utauzunguka humpati. Narudi na sufuria la wali na maharage, nakuta galoni la oili nyekundu limelala tupu pembeni ya tairi na baba mdogo anajifuta mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Nilisimama na lile sufuria mpaka joto likapenya kitambaa na kuanza kuniunguza vidole.

Oili niliyoitaka mimi ni ya kijani. Ilikuwa kwenye basi, inatoka Dar, na basi lilikuwa halijafika. Kila kitu kingine kilikuwa tayari: giaboksi imepanda, nati zimekazwa, waya zimechomekwa. Kilichobaki ni kusubiri basi. Na mimi nakubali, kusubiri siyo kazi yangu. Mama husema nikipika ugali naupakua ukiwa bado uji. Lakini siku ile mimi ndiye niliyekuwa nasema tusubiri, na watu wazima ndio walikuwa na haraka.

Haraka ya baba mdogo ilikuwa ni kipaimara. Kesho yake, Jumapili, askofu alikuwa anakuja Mchombe, anakoishi shangazi yangu, na mwanawe alikuwa mmoja wa wanaopokea. Baba mdogo ndiye msimamizi wake. Alikuwa ameshapiga simu Mchombe akasema anakuja na gari, na anakuja na masufuria ya kupikia, kreti za soda, na viti. Akishasema kitu kwenye simu mbele ya shangazi, basi kimesemwa.

Yangu mimi ilikuwa hofu. Gari ni la baba. Baba anafanya kazi Uchindile kwenye misitu ya kupandwa, nyumbani anakuja kwa nadra, na nilipomaliza kidato cha nne nikapata leseni, aliniachia ufunguo. Nikawa napeleka kina mama sokoni na mizigo yao, nachukua wagonjwa wakitoka hospitali, napeleka watu Kibaoni. Nilikuwa na simu inayoita. Halafu giaboksi ikafa, na baba akatoa pesa ya nyingine ya mtumba, na akaniambia kwa sauti ile ya chini anayoitumia akiwa hatanii: "Mwanangu, hii nayo ikifa, gari nawauzia wanaokata spea. Na wewe unakuja huku tukutafutie kazi kwenye vitalu."

Nilishafika kwenye vile vitalu. Unakaa chini na wenzako mnajaza udongo kwenye viriba vya miche, kiriba baada ya kiriba, na ukungu umekaa mlimani hauna mpango wa kuondoka. Watu wake ni wazuri, chai yao ni nzuri. Ila siku zao zinafanana kama vile viriba. Nilikaa likizo moja tu, nikarudi Ifakara nikiwa kama mtu aliyefunguliwa kamba mguuni.

Giaboksi ya kwanza tuliiua kwa shangwe. Ilikuwa masika, tunatoka Mchombe, gari likazama kwenye tope pembeni mwa mashamba ya mpunga, likazima na likakataa kuwaka. Huku kwetu kitu kikikwama kinavutwa na pawatila. Kale katrekta ka kutembea nyuma yake tunakalimia majaruba, tunakafungia tela tunapakia mpunga, tunavutia magogo, mizoga ya ng'ombe, na siku hiyo tukakafungia gari la baba. Mwenye pawatila alikuwa rafiki wa baba mdogo. Walifunga kamba mbele, wakatia nyutro, wakalitoa topeni. Hapo tungeishia, hakuna ambacho kingeharibika. Lakini kwa sababu lilikuwa linakwenda vizuri, wakaamua waendelee kulivuta tu, barabara yote, mpaka karibu na mjini. Baba mdogo kwenye usukani, watoto wanakimbia pembeni wanaimba, mtu amepanda juu ya boneti. Ilikuwa kama harusi.

Hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tunasaga chuma. Nilikuja kuambiwa baadaye na muuza giaboksi wa Dar, ambaye sijawahi kumwona, namjua sauti tu, kwa sababu hapendi kuandika, anatuma sauti. Alisema gari la CVT ndani halina gia za meno kama tunazozijua. Lina puli mbili na mkanda wa chuma. Puli zinajibana na kujiachia, mkanda unapanda na kushuka, ndiyo maana gari linaongeza mwendo bila kushtuka. Na oili inasukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Ukilivuta na magurudumu ya mbele yako chini, vyuma vinazunguka vikavu. "Mlilivuta umbali gani?" aliniuliza. Nilipomwambia, akasema, "Poleni na msiba."

Tulipofungua ile iliyokufa, oili ilitoka nyeusi, inanuka kama sufuria lililounguzwa, na ndani ya sampu, lile bakuli la oili la chini, kulikuwa na unga unaometameta. Baba mdogo aliupaka kidoleni akautazama sana. Nilimwonea huruma siku ile. Ndiye aliyekwenda mwenyewe stendi kuipokea nyingine, imefungwa kwenye viroba na kamba za katani, akaibeba na fundi kama wanabeba mgonjwa.

Kwa hiyo nilidhani ameelewa. Na sauti ya mwisho ya muuzaji nilikuwa nimemsikilizisha, mara mbili: "Dada, oili ni ya kijani, hiyo hiyo niliyokupakilia. Usitie nyekundu. Ukitia nyekundu, usinipigie."

"Nilimsikia," baba mdogo alisema pale gerejini. "Anauza oili, atasemaje? Hebu nikuulize wewe injinia. Mimi kazi yangu nini?"

"Kukoboa mpunga."

"Na mashine yangu inazungushwa na nini?"

"Mkanda."

"Mkanda. Sasa mkanda ukidondokewa na mafuta inakuwaje?"

"Unateleza."

"Unateleza, pumba inajaa, wateja wanatukana. Nausafisha, naupaka nta, unashika. Mkanda na mafuta ni maadui, mwanangu. Wewe unaniambia kuna mkanda unaogelea kwenye mafuta halafu unachagua rangi."

Fundi akasema, "Hapo mzee kakubana, dada."

Na kweli alinibana. Nilitaka kulia kwa hasira, kwa sababu swali lilikuwa zuri na jibu nilikuwa nalo lakini lilikuwa limekaa kwenye simu kwa sauti ya mtu mwingine. Nikajaribu hivyo hivyo.

"Ndiyo maana, baba mdogo. Ule mkanda ni chuma unashika chuma, na lazima upoe, kwa hiyo lazima uwe kwenye oili. Sasa wametengeneza oili ambayo ikibanwa pale katikati inashika, haiachii. Hiyo ndiyo nta yake. Nyekundu inalainisha tu. Umeupaka mkanda wako mafuta."

Alinitazama. Kwa muda mfupi niliona imemwingia, maana mkanda anaujua kuliko mtu yeyote mtaa ule, anausikia akiwa amelala. Halafu akakumbuka Mchombe.

"Hebu tulijaribu kwanza," akasema. "Likigoma, nitakusikiliza."

Tukalishusha gari kutoka kwenye mawe, akaingia yeye, nikaingia na mimi. Liliwaka. Akaweka D, likakaa, likafikiri, halafu likaondoka. Tulizunguka mtaa. Ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele kwanza na gari linafuata baadaye, kama mtoto anayeitwa huku anacheza. Na kulikuwa na mlio mwembamba chini ya miguu yetu, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua.

"Unasikia?" nikamwuliza.

"Nasikia gari linatembea."

"Baba mdogo. Huo ni mkanda."

Alipunguza mwendo, na kona ya mwisho aliikata polepole kabisa, ameinamisha kichwa kama anavyofanya akiwa kwenye mashine yake. Tulipofika nyumbani akazima, akaninyooshea ufunguo bila kunitazama. "Kesho alfajiri nakuja kupakia masufuria," akasema, akaondoka kwa miguu.

Hata hajafika mbali baba akapiga simu. Alimpigia yeye kwanza, maana nilimwona akisimama barabarani na simu sikioni, anacheka, anapunga mkono. Upepo ukaniletea neno moja: "Freshi." Kisha baba akanipigia mimi. "Nasikia limekaa vizuri," akasema. Nikasema, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba. Limekaa vizuri?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilifungua boneti nikaifunga. Nilimtumia muuzaji sauti, nikamweleza yote, na jibu lilikuja haraka kuliko kawaida: "Mmetembea mtaa tu? Bahati yenu. Msiliwashe tena. Mwaga yote, tia kijani, liache liungurume, peleka gia huku na huku taratibu, mwaga tena, maana nyekundu nyingine imejificha ndani. Tia mara ya pili. Oili upime ikiwa ya moto, isizidi isipungue. Halafu siku za mwanzo usilipakie mzigo. Umesikia? Usilipakie."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama basi lilipofika. Nilikwenda stendi na baiskeli ya jirani, nikapokea boksi, nikalifunga kwenye keria, nikaisukuma baiskeli mpaka nyumbani kwa sababu niliogopa kuipanda. Mama alikuwa anachambua mchele wa kesho, anatoa chenga. Nikamwekea boksi mbele yake kama nimemletea mkwe.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo. Mama, nikificha ufunguo?"

"Ukiuficha, baba yako mdogo atasema umemwibia, au mimi ndiye nimemwibia. Kuna vitu viwili vya kuharibika hapa, gari na undugu, usiviharibu vyote."

"Lakini kamwahidi shangazi gari."

Mama akapeta ungo, pumba ikaruka. "Shemeji yangu ndiye msimamizi. Mkono wa msimamizi unawekwa begani kwa mtoto. Hauwekwi kwenye usukani." Akaendelea kupeta. "Asubuhi kuna gari za abiria za kwenda Mlimba, zinapita Mchombe. Masufuria yanapanda juu. Viti, Mchombe kuna viti, wale ni watu wanaishi kule."

"Atanifokea."

"Atakufokea. Ulitaka akuimbie?"

Nilikaa pale kwenye ngazi na boksi langu. Nilijua vizuri njia rahisi. Ningeweza kumwacha achukue gari, likimfia njiani ningesema niliwaambia, na ningekuwa na haki. Ningepanda gari la Uchindile na haki yangu mkobani, nikajaze viriba. Pia ningeweza kumwambia baba kwamba limekaa vizuri, na hilo lingekuwa kweli kwa siku kadhaa. Nilichoka kulifikiria. Nilisimama, nikaurudisha ufunguo kwenye msumari wake ukutani, mahali kila mtu anapouona.

Nikaamua hivi. Asubuhi nitaamka kabla baba mdogo hajaja. Nitampigia baba, nimpe shikamoo, nimwambie imeingia oili nyekundu, tumelitembeza mtaa mmoja, na leo haliendi popote. Akitaka kuliuza kwa hilo, aliuze. Kisha nitamngoja baba mdogo mlangoni na chai, nimwambie uso kwa uso kwamba gari halitoki, na masufuria yake nitayabeba mwenyewe mpaka kituoni, niyapandishe juu ya gari la abiria, nihakikishe yamefungwa. Akimaliza kufoka nitamwomba akirudi kutoka Mchombe aje alisikilize, kwa sababu ule mlio mimi nausikia tu, yeye anaujua. Halafu nitakwenda Lipangalala kumgongea fundi akiwa bado amelala, nimpelekee chapati mbili, nimlete hapa na jeki yake na spana, tuweke karai chini, na tuanze na ile nati ya kumwagia.