Sauti ya Mzee Elia na Kigeuzi Nilichokichagua kwa Macho

Mwanangu, ile siku niliyompelekea Mzee Elia sauti yake kule Malolo sijaisahau, na ujumbe wako wa jana umeirudisha yote. Umeniuliza ununue kigeuzi kipi cha kusikilizia kwa hedifoni, kile kisanduku kidogo kinachochukua namba zilizomo kwenye simu au kompyuta na kuzigeuza kuwa sauti. Umenitumia picha, na chini ya kila picha umeandika sifa, kama mtu anayechagua mchumba kwa barua. Nilicheka kidogo. Mimi nami nilichagua hivyohivyo, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nina chumba changu cha kurekodia hapa Mikumi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilirekodi kwaya, salamu za harusi, matangazo ya mnada. Kazi nilikuwa naijua, sikatai, ila nilijiona naijua kuliko nilivyoijua. Kigeuzi changu nilikiagiza Dar es Salaam kwa sababu kilikuwa cha chuma, kizito mkononi, na karatasi yake ilijaa namba kubwakubwa. Sikukisikiliza kwanza. Kilipofika nikachomeka hedifoni zangu, besi ikanijaa kichwani, nikasema hiki ndicho.

Mzee Elia alikuwa mkulima wa vitunguu na msomaji wa masomo kanisani. Sauti yake ilikuwa nzito hata watoto waliokuwa wakinong'ona nyuma walinyamaza alipofungua kinywa. Akaota uvimbe kooni. Hospitali wakamwambia lazima apasuliwe, na kwamba huenda sauti isirudi. Mkewe, Bibi Marta, akaniita nikamrekodi kabla hajaenda.

Nilikaa sebuleni kwao siku mbili. Aliimba nyimbo za mavuno za Kividunda. Alitaja majina ya ukoo wake mpaka kwa watu ambao hata Bibi Marta hakuwahi kuwasikia. Mwisho akasema maneno ya kuwausia wajukuu zake, wayasikie siku za ndoa zao. Kisha akaenda hospitali, nami nikarudi Mikumi kusafisha kazi.

Kwenye hedifoni sauti yake ilivuma kupita kiasi, kama anasemea ndani ya pipa. Sikujiuliza kosa ni la nani. Niliona mzee ndiye aliyezidi, nikaupunguza uzito wa sauti, nikaupunguza tena, mpaka ikawa nyororo masikioni mwangu. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, nikahifadhi kazi mpya juu ya ile ya zamani. Ya asili ikafutika. Nilifanya hivyo nikinywa chai, mwanangu, wala moyo haukunishtuka.

Upasuaji ulimponya Mzee Elia. Sauti ndiyo ikaenda. Nilipofika Malolo asubuhi ile na kumwamkia shikamoo, marahaba yake ilitoka pumzi tupu.

Bibi Marta akachomeka flashi niliyowaletea kwenye redio yao. Wimbo wa kwanza ukaanza. Ilikuwa sauti nyembamba, kavu, haina kifua. Bibi Marta akaitazama redio, akamtazama mumewe.

"Huyu nani?" akauliza.

Nikasema labda redio ni mbovu. Nikamvalisha mzee hedifoni nyingine nilizokuwa nazo, nikazichomeka kwenye simu. Akasikiliza wimbo mpaka mwisho, akazivua taratibu na kuziweka mapajani.

"Binti," akanong'ona, nami nikainama ili nimsikie. "Siku zile mbili nilikaa mbele yako."

"Ndiyo, babu."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Sasa mbona ulikwenda kukiuliza kisanduku nina sauti gani?"

Bibi Marta aliingia jikoni, nikasikia sufuria zinagongwa bila sababu.

Niliporudi Mikumi nilikipima kigeuzi kwa hedifoni za kuazima, moja baada ya nyingine, na kosa likaonekana. Tundu la hedifoni la kisanduku kile halikupatana na hedifoni zangu. Zikichomekwa pamoja, sauti nzito zinavimba. Uzito nilioukata kwa mzee haukuwa umezidi. Ulikuwa wake.

Nikapekua kila kadi ya kumbukumbu niliyokuwa nayo. Nyimbo hazikuwepo, ukoo haukuwepo, usia haukuwepo. Nilipata kipande kimoja tu cha dakika chache, cha wakati nilipokuwa napima maikrofoni. Mzee anakohoa. Anamuuliza Bibi Marta nani kahamisha jembe lake. Bibi Marta anajibu kwa mbali kwamba jembe halina miguu, na mzee anacheka, kicheko kirefu cha chini.

Sikukigusa. Nilikipeleka Malolo kama kilivyo. Bibi Marta alikisikiliza amesimama, na kicheko kilipotoka akakaa chini, akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Mzee Elia alikuwa akitabasamu, machozi yanamtoka. Wajukuu wake wanacho kipande hicho mpaka leo. Usia wa ndoa hawana, na hilo siwezi kulirekebisha.

Basi nisikilize. Usinunue kigeuzi kwa picha. Nenda dukani na hedifoni zako mwenyewe, maana kifaa kinachopatana na za mwenzako chaweza kugombana na zako. Mwulize muuzaji kama ukinzani wa tundu lake, yaani jinsi linavyozuia umeme, ni mdogo sana kuliko ule wa hedifoni zako, na asipojua, usiwe na haraka. Chomeka kwanza bila kucheza kitu, usikie kama kina mlio wa shshsh chinichini. Kisha cheza sauti ya mtu unayemjua, mama yako au rafiki yako, siyo wimbo wa muuzaji. Ukilinganisha viwili, hakikisha vinalia kwa kiwango kimoja, kwa sababu kinacholia zaidi hudanganya kuwa ndicho kizuri. Kinachokufurahisha papo hapo kipe muda. Na usiposikia tofauti yoyote na simu yako, baki na simu yako bila aibu. Ukirekodi watu, ya asili usiifute kamwe, hata kompyuta ijae mpaka mlangoni.

Mungu akujalie masikio matulivu, mwanangu, na mikono isiyokimbilia kurekebisha watu. Akupe kazi njema, na awaweke unaowapenda waendelee kukuita kwa sauti zao wenyewe, miaka na miaka. Amina.