Mashine ya Mtu Mmoja

Mume wangu alifariki mwezi tano, yaani siku ya tano ya Mfungo Tatu, siku chache kabla ya Idi Kubwa. Eda yangu ya miezi minne na siku kumi ilikwisha mwezi kumi na tano, Mfungo Saba. Kwa mtu wa pwani tarehe hii ya pili ina maana nyingine: mwezi umepevuka, bahari ina bamvua, na asubuhi maji hupwa mpaka mchanga ambao siku nyingine hauonekani hubaki wazi. Wanawake wa Makorora walikuja kunitoa eda, wakaniogesha, wakanivisha, wakanifukiza udi, wakaniambia maneno mema. Niliyasikia yote na ningeweza kuyarudia neno kwa neno, lakini hayakuniingia. Walipoondoka nilikwenda ukumbini, nikaitungua mashine kwenye msumari wake.

Ilikuwa ditekta, mashine ya kutafutia vyuma ardhini: mpini mrefu, sahani ya duara chini yake, kisanduku cha betri juu, na waya wa hedfoni. Marehemu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kwa mashine hiyo tulitafuta sarafu za zamani kwenye fukwe za kaskazini na kusini ya Tanga: hela za Wajerumani, senti kumi zenye tundu, shilingi zenye kichwa cha mfalme. Makaburi na magofu hatukuyasogelea. Tulitafuta palipopigwa na mawimbi tu, mahali ambapo zamani watu walishuka na mizigo yao na kuangusha vilivyoanguka.

Nasema tulitafuta kwa sababu ilikuwa kazi ya watu wawili. Marehemu alifanya kazi kwenye korona, mtambo wa kuchakata mkonge, tangu ujana wake, na kelele za korona zilimwondolea masikio, kwanza la kushoto, kisha la kulia. Alipoinunua ile mashine alikuwa hawezi tena kuisikia. Basi akaunga waya mrefu. Yeye akawa anashika mpini na kupitisha sahani juu ya mchanga, nami nikawa nyuma yake nimevaa hedfoni. Nikisikia kitu, namgusa bega la kulia. Anasimama. Nikisikia kwamba ni takataka, namgusa la kushoto, tunaendelea. Watu wa Moa, kijiji cha pwani ya kaskazini, walituita gari na behewa. Marehemu hakuwasikia, na mimi sikuwajibu.

Siku ile, baada ya wanawake kuondoka, nilifungua kisanduku cha betri. Betri zilikuwa zimevuja. Maji yake yalikuwa yamekauka kama chumvi ya kijani, yamekula vyuma vya ndani, yamepanda na waya mpaka kwenye sakiti. Nilibonyeza swichi hata hivyo. Hapakuwa na sauti.

Kosa lilikuwa letu sote warithi, na lilifanywa kwa uangalifu mkubwa. Mimi na marehemu hatukujaaliwa mtoto. Kwa hiyo mirathi ilikuwa rahisi kugawa: robo yangu, na iliyobaki ya shemeji yangu, mdogo wake wa pekee, anayekaa Moa. Tulikubaliana kwamba kisitumike kitu wala kisihamishwe mpaka eda iishe na mgao ufanyike. Shemeji alikuja mara moja katika eda, akakaa upande wa pili wa pazia, akaniomba aiazime mashine kwa bamvua moja tu. Nilimjibu kwamba mashine ni mirathi. Akasema nimesema kweli na Mwenyezi Mungu anilipe. Hata kuzitoa betri hakuna aliyethubutu, kwa kuwa nazo zilikuwa mirathi. Tuliiheshimu mashine hiyo mpaka ikafa.

Shemeji alipopata habari alikuja Makorora siku ya pili yake. Aliigeuza mashine huku na huku, akaipuliza, akainusa.

"Basi," alisema, "mimi nimerithi robo tatu ya kutu. Robo yako unaitaka ipi, ya juu au ya chini?"

Nilimwambia achukue zote. Alicheka. Mimi na yeye tumetaniana tangu nilipoolewa. Alikuwa akiniita mke wake mkubwa mbele ya mke wake, na mke wake alikuwa akinionea huruma hadharani kwa kupata mume wa ziada asiye na faida. Lakini siku hiyo alipomaliza kucheka alikaa sawasawa, akashusha sauti, akasema alilojia. Ukoo umezungumza. Mke wake hana neno. Nihamie Moa, anioe kwa sheria, tununue ditekta mpya, yeye ashike mpini na mimi nisikilize kama zamani. Alisema mwanamke peke yake na chuma kile ufukweni ni jambo la kuonewa haya, na kwamba yeye hapendi kumsikia mtu akimsema mjane wa kaka yake.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mwema na bado ni mtu mwema. Nilitazama midomo yake ikisema, kama nilivyozoea kumwona kaka yake, asiyesikia, akiisoma yangu, na sikuona ndani yangu hasira wala faraja. Nilimwambia nitanunua mashine, na siku nitakayoichagua ndiyo siku atakayopata jibu.

Tangu hapo, kuchagua mashine na kuchagua maisha likawa jambo moja. Sikulipanga liwe hivyo.

Muuzaji alikuwa Mpemba, mwenye duka la zana zilizotumika katika mojawapo ya zile barabara za Tanga zinazoitwa kwa namba. Aliniamkia shikamoo, akaniuliza kijana wangu anataka ditekta ya aina gani. Nilimwambia sina kijana na mashine ni yangu. Akaomba radhi, akanipa kiti, na tangu hapo akaniita bimkubwa na kunieleza kila kitu mara mbili. Nilimwacha. Mimi nilianza kusoma nikiwa mke wa mtu, katika darasa la watu wazima, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya katika ukumbi wa shule pamoja na wasichana walioniamkia kabla ya kukaa. Nimezoea kuelezwa mara mbili, na mara ya pili ndiyo mara ninayoyaona makosa.

Alikuwa na mbili zilizofaa pwani. Alisema mashine nyingi za kawaida hupiga kelele zenyewe kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, jambo nililolijua kwa masikio yangu. Ya kwanza ilikuwa nzito, yenye sahani kubwa. Haikujali chumvi kabisa na ilisikia chini sana, lakini haikubagua: msumari, kizibo cha soda na sarafu ya fedha, vyote iliviitikia kwa mlio wa aina moja. Ya pili ilikuwa nyepesi, yenye kioo kidogo. Ilitumia mawimbi ya aina kadhaa kwa pamoja ili kuituliza chumvi, ikatoa milio tofauti kwa vyuma tofauti na kuandika namba kwenye kioo. Haikufika chini kama ile nzito.

"Hii nzito, bimkubwa, ni ya watu wawili," alisema. "Mmoja wa kuishika na mmoja wa kuchimba, kwa sababu utachimba kila kitu, na utachimba shimo la kumzika mbuzi. Hii nyepesi ni ya mtu mmoja. Hata asiyesikia atasoma namba."

Nilivaa hedfoni za ile nzito, akapitisha sarafu mbele ya sahani. Ndani yake mlikuwa na mvumo mwembamba usiokatika, kisha mvumo ukainuka na kushuka. Ulikuwa mvumo ule ule wa mashine yetu. Nilivaa za ile nyepesi, nikasikia vilio vifupi vingi, vya juu na vya chini, visivyonihusu.

Nikamwambia kwamba sinunui kwenye sakafu ya saruji. Akasema mwandamo wa Mfungo Nane ana safari yake Moa, atazibeba zote mbili.

Tulikutana Moa, ufukweni mbele ya nyumba ya shemeji, maji yakiwa yanapwa. Shemeji na Mpemba walikuwa wakitaniana kabla hata ya kujuana. Shemeji alimwuliza kama huko Pemba mashine hizi wanazitumia kutafuta karafuu. Mpemba akamjibu kwamba huko karafuu huonekana juu ya mti, ni watu wa Moa tu wanaotafuta riziki kwa kuinama. Kisha niliwageuzia mgongo, wakafukia vitu vitatu wasivyonitajia, kila kimoja mahali pake, kwenye mchanga uliolowa.

Tulianza na ile nzito. Shemeji alishika mpini bila kuulizwa, nikavaa hedfoni, nikasimama nyuma yake. Kwa kuwa hatukuwa na ruhusa ya kugusana nilishika fimbo, na kwa fimbo hiyo nilimgusa bega. Alikuwa na mwendo wa kaka yake. Sikulitegemea hilo. Bega lilikuwa kwenye kimo kile kile, na sahani ilipita kutoka kushoto kwenda kulia kwa upole ule ule, bila kuinuka mwishoni. Mvumo ulipoinuka nilimsimamisha. Nikamwambia apite tena, kisha apite kwa upande mwingine. Kitu cha kwanza kilisikika mara mbili, mlio ukigawanyika katikati. Nikasema ni msumari mrefu. Cha pili kilisikika kipana na kizito, karibu na juu. Nikasema kopo au kipande chake. Cha tatu kilikuwa mlio mmoja, mfupi, wenye kingo, nikasema sarafu. Mpemba akavifukua. Vilikuwa msumari, kifuniko cha kopo la maziwa, na shilingi ya mfalme.

Mpemba aliniambia kwamba nimeisikia mashine kuliko alivyoisikia aliyeitengeneza. Shemeji aliweka mpini chini, akajifuta jasho.

"Unaona, shemeji," alisema. "Kazi haijafa. Imekosa mkono tu."

Alikuwa amesema kweli. Nilijua wakati ule ule kwamba nikisema ndiyo, kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa, na nitakuwa hodari kuanzia siku ya kwanza. Nilingoja nisikie jambo moyoni. Palikuwa kimya kama ndani ya ile mashine iliyokufa, na katika kimya hicho nilichokitambua ni kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unaishika fimbo, na kwamba katika miaka yote ya kazi ile haukuwahi kuushika mpini, kazi yake ilikuwa kugusa bega tu.

Nikaomba ile nyepesi, nikaomba pia wafukie upya. Niliishika mwenyewe. Nilipoangalia namba nilisahau kusikiliza, na niliposikiliza mkono ulikimbia, sahani ikainuka hewani kama ufagio. Niliupita msumari bila kujua. Nilichimba mahali pasipo na kitu. Shilingi niliipita mara mbili, na mara ya pili shemeji alikohoa ili kunisaidia. Nilimwomba asikohoe. Mwishowe niliipata kwa kupunguza mwendo mpaka Mpemba akaenda kukaa kwenye jiwe.

Nilimwambia Mpemba kwamba nachukua hii.

Shemeji alidhani sikuelewa. Alinikumbusha, kwa taratibu, kile kilichotokea mbele ya macho yetu sote.

"Umechagua ile uliyokosea nayo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ile nyingine inataka mtu."

"Na mtu si huyu hapa?"

"Nimemwona, shemeji," nilisema. "Namshukuru. Namwombea heri na mke wake."

Alitazama baharini. Mpemba alijishughulisha na kukunja waya ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa. Kisha shemeji akasema kwamba chakula kiko tayari na mke wake hatanisamehe nikiondoka bila kula. Nikala. Mke wake alinipakulia wali mwingi kuliko wa mumewe, wala hakuniuliza kitu, na nilipoaga alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda akiwa ameishika mashine yangu kwa mikono miwili.

Mwezi kumi na tano, Mfungo Nane, nilikwenda upande wa pili, kusini. Nilishuka Mwera, nikatembea mpaka pwani. Palikuwa na wanawake wachache wakichokoa chaza. Walinijibu salamu, wakaitazama mashine, wakaendelea na kazi. Kioo nilikuwa nimekifunika kwa kitambaa, kwa kuwa nimeona kwamba jicho linalinyang'anya sikio.

Nilitembea polepole. Baada ya muda vilio viligawanyika: vya chini vilikuwa chuma na niliviacha; vya kati sikuvijua. Kisha kikaja kimoja cha juu, safi, kifupi. Nilisimama. Mkono wangu wa kushoto uliinuka wenyewe kwenda mbele, kwenye kimo cha bega, ukakaa hewani. Niliutazama. Nikaushusha, nikapitisha sahani tena mahali pale, kwa upande mmoja na kwa upande mwingine, na kilio kikabaki kile kile. Nikailaza mashine juu ya mchanga mkavu, nikapiga magoti, nikachimba.

Ilikuwa chubwi, risasi ya kutilia uzito mshipi wa kuvulia, ya mviringo, yenye tundu. Risasi hulia karibu kama fedha, na mwanafunzi hana njia ya kulijua hilo isipokuwa kwa kuifukua. Niliiosha, nikaitia mfukoni ili nikaipitishe tena mbele ya sahani nyumbani na kuukariri mlio wake. Nikalifukia shimo na kulikanyaga likawa sawa. Maji yalikuwa hayajageuka, na mbele yangu ufukwe ulikuwa bado mrefu. Niliinua mashine kwa mkono wa kulia, nikaendelea.