Mteremko Mmoja, Mbele ya Duka

Polio ilinikuta Dabani nikiwa mtoto, ikaniachia roho, ikabeba miguu. Miaka yote hii ninakula kwa kuvusha mizigo mpakani Busia kwa baiskeli ya mikono: unga, sabuni, chumvi. Barabara za mji huu nazijua kwa mabega. Njia za pembeni zege lake lilikuwa limebomoka zamani, basi sisi tulipita katikati, sisi na malori.

Manispaa iliposema tenda ya kukarabati barabara na njia za miguu imetengewa vikundi vya walemavu, niliona Mungu ametukumbuka. Mwenyekiti wa chama chetu, mtu wa baiskeli kama mimi, akasema tuombe. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, mambo ya kuandika nikamwachia yeye. Kazi yangu ilikuwa ubao wa kupimia mteremko. Nilipakia magunia mawili ya chumvi nikawa napanda ubao ule, wenzangu wakiuinua na kuushusha kwa matofali, mpaka tukapata mwinuko ambao mikono inauweza. Kipimo hicho kikaingia kwenye maombi: kila kona iwe na mteremko wa namna ile.

Siku ya kuchagua tuliitwa wote, tuonekane. Ofisa wa tenda alitutazama miguu, hata haya hana.

"Sasa nyinyi mtamwaga zege namna gani?"

Nikamjibu mimi. "Kwani, mheshimiwa, zege linamwagwa kwa miguu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata yeye alicheka, na tenda tukapewa. Mwenyekiti alinikumbatia mpaka baiskeli zetu zikagongana. "Kaka, mdomo wako umetupa kazi!"

Mafundi waliokuja sikuwajua. Walikuwa wa kontrakta mmoja mwenye malori yake. Nikauliza, mbona hampimi kwa ubao wangu? Msimamizi wao akasema, "Mzee, toka hapo, utakanyagwa."

Nikaenda ofisini. Ofisa wa tenda akanionyesha karatasi: chama kimemwachia kontrakta kazi yote. Chini yake kulikuwa na dole gumba langu. Nililiweka mwenyewe, siku mwenyekiti alipotuambia ni karatasi ya mahudhurio.

Basi nasema bila kuogopa: aliyetuuza ni mwenyekiti wetu, na aliyemfungulia mlango ni ofisa wa tenda. Mwenye miguu akikuuza, utasema hajui. Huyu alijua.

Zege lenyewe ni zuri, sitasema uongo. Lakini ukingo wake umepanda mpaka kwenye ekseli yangu, na kona zote hazina mteremko. Upo mmoja tu mji mzima, mbele ya duka la mwenyekiti.

Juzi mvua inanyesha, lori likaanza kurudi nyuma, taniboi, utingo wake, anapiga bodi na kupayuka, "Wewe wa baiskeli! Toka! Toka!" Nyuma yangu lori, mbele lori. Nikapanda pale dukani na mzigo wangu wote. Mikono ikaujua mwinuko ule mara moja. Ni ule wa ubao wangu, haukupungua hata kidole.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni, mkavu.

"Karibu, kaka. Si unaona umepanda vizuri?"

Lori lilipopita, nikashuka tena barabarani, mvua ikinimwagikia.